Namba ileile, mashine tofauti: majibu kuhusu namba za nukta elea

Faili langu la zamani la vipimo vya mitetemo ya ardhi linanipa 9 mahali ambapo kumbukumbu za karatasi zinasema 1. Sifuri zote ziko sawa. Limeharibika?

Halijaharibika, na tafadhali usilifute. Muundo wa SEG-Y wa mwaka 1975, wa faili za vipimo kama hivyo, ulitumia namba za nukta elea (zinazohifadhiwa kama sehemu na kipeo) za IBM zilizokuja na kompyuta za System/360 mwaka 1964, nawe unazisoma kwa IEEE 754, kanuni ya namba hizo ya mwaka 1985. Tazama baiti zenyewe: 41 10 00 00. Kwa IBM, 41 ya heksadesimali ni 65. Toa 64, kipeo ni 1, na kizio, yaani namba inayopandishwa kwa kipeo, ni 16. Sehemu inayobaki ni 1/16, kwa hiyo jibu ni 1. IEEE inazikata biti hizohizo mahali pengine: kipeo kinasomeka 130, toa 127 inabaki 3, na kizio ni 2, yaani 2^3 = 8; mara 1.125 unapata 9.

Usigawe kila kitu kwa 9, maana 2 itasomeka 10. Geuza namba moja moja, na uzihifadhi kwa biti 64: namba ya IBM ya biti 32 hufika karibu 7×10^75, wakati ya IEEE ya biti 32 huishia karibu 3.4×10^38.

Nilituma 1.0 ya biti 64, upande wa pili ikafika kama 3.04×10^-319.

Ni mpangilio wa baiti. Baiti 3F F0, za mwanzo katika 1.0, zimehesabiwa kinyumenyume, zikawa za mwisho. Taja mpangilio mmoja kwenye maelezo ya faili, pande zote ziufuate.

Msimbo uleule, kompaila mbili, tarakimu za mwisho zinatofautiana. Kosa ni la nani?

Mara nyingi si la yeyote. Rejista (nafasi za kuhesabia ndani ya prosesa) za 8087, chipu ya hesabu ya Intel, na warithi wake zina biti 80. Thamani ikihamia kwenye kumbukumbu kama namba ya biti 64, inakadiriwa tena. Prosesa nyingine huzidisha na kujumlisha kwa kukadiria mara moja tu. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa jaribio lililofaulu kila nilipoweka mstari wa kuchapisha thamani, likashindwa nilipouondoa: kule kuchapisha ndiko kulikoitoa thamani kwenye rejista. Linganisha kwa kuruhusu tofauti ndogo uliyoipima, wala usiandike `long double`, aina ya namba ya lugha ya C, kwenye faili la kubadilishana. Kwingine ni biti 64, kwingine 80, kwingine 128.

Basi nihifadhi kama maandishi?

Ndiyo, ikiwa ukubwa wa faili si tatizo. Andika tarakimu 17 kwa biti 64, au 9 kwa biti 32, namba irudi ilivyokuwa. `%G`, alama ya C ya kuchapisha namba, huandika 6 tu usipoiambia vingine. Na uifungie programu itumie nukta, kwa sababu mipangilio ya lugha nyingine huweka mkato (3,14 badala ya 3.14), na msomaji wa faili ataishia kwenye 3 akidhani ndiyo namba nzima.