Seva inapoelemewa: maswali yenu ya mwezi huu

Shikamoo fundi. Nina duka la jumla Barabara ya 12. Siku za kawaida kompyuta za keshia zinakwenda vizuri, ila mwisho wa mwezi risiti inachukua nusu dakika kutoka. Nimeambiwa ninunue seva mpya, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine. Ninunue? (Ngamiani)

Marahaba. Usitoe hela kwanza. Wakongwe wa Tanga wanakumbuka meli zilivyokuwa zikitia nanga mbali, shehena ikishushwa kwenye matishari, yale mashua bapa ya mizigo, ndipo ifike gatini. Hata ungeleta meli kubwa mara mbili, mzigo ungesubiri tishari lilelile. Seva nayo ina tishari lake: prosesa (ubongo wake), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea), diski (ghala la data) au mtandao. Kazi yako ni kujua ni lipi.

Ziko programu za kupima zinazoandika kila sehemu inavyoshughulika. Kama ni Windows, tumia Performance Monitor. Kama ni Linux, vmstat na iostat. Ziache ziandike kuanzia tarehe 20 hadi tarehe 5, maana shida yako haionekani katikati ya mwezi. Kuna duka niliwahi kukaa nyuma ya keshia kutwa nzima, simu mkononi nikihesabu sekunde. Prosesa haikufika hata robo. Taa ya diski ndiyo haikuzima. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ikisomwa huku na huku, huhudumia maombi kama 100 tu kwa sekunde, na pale ripoti ya mwezi ilikuwa inavutwa saa tano asubuhi, duka limejaa watu. Tukaihamishia ripoti saa mbili usiku, kisha tukaweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Seva ni ileile hadi leo.

Prosesa yetu inafika asilimia 80. Bosi anasema bado tuna akiba ya 20. Mbona watu wanalalamika? (Mhasibu, Chumbageni)

Dada yangu, hapa ndipo wengi wanapoumia, na ningependa bosi wako asome mwenyewe. Kazi haziji moja moja kwa zamu, zinakuja kwa mafungu, na zikikutana zinapanga foleni. Kwa hesabu rahisi ya foleni yenye mhudumu mmoja, kazi ya sekunde 1 kwenye seva iliyoshughulika asilimia 50 humalizika kwa wastani wa sekunde 2. Ikifika 80, ni sekunde 5. Ikifika 90, ni 10. Kazi imeongezeka kidogo, kusubiri kumekuwa mara mbili. Prosesa zikiwa nyingi, foleni huchelewa kuanza, lakini ikianza hupanda vilevile.

Hiyo 20 anayoiita akiba ndiyo inayozuia watu wasisubiri. Mimi huanza kupanga manunuzi saa za pilikapilika zikishazoea 70. Na usimpelekee wastani wa siku nzima, kwa sababu usiku seva imelala na wastani unashuka. Mpelekee saa moja iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Nitajuaje diski itajaa lini? (Mfanyabiashara wa machungwa, Muheza)

Andika nafasi iliyotumika kila tarehe 1, kwa miezi mitatu au zaidi. Ikila GB 6 kwa mwezi na zimebaki 90, kwenye karatasi una miezi 15. Lakini msimu wa machungwa utakula zaidi ya hizo 6, na diski yenyewe lazima iagizwe na ifike. Ningeagiza ikipita miezi 10, nisingoje 15.

Seva yetu iko stoo, ina feni tu. Kuna ubaya? (Raskazone)

Upo. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe, kwa hiyo uwezo ulioulipia hauupati. Hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27. Kufungua dirisha la upande wa bahari si dawa: nimewahi kuchomoa RAM kwenye seva ya pwani, nikakuta chembe za kijani kwenye pini zake. Ni unyevu wenye chumvi. Tafuta chumba kidogo kinachofungika, chenye AC.

Je, tuhamie kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, tuachane na haya yote? (Pangani)

Vipimo utavihitaji hata huko, la sivyo utakodi ukubwa usioujua na kuulipia kila mwezi. Kabla ya kuhama, muulize keshia atafanya nini intaneti ikikatika saa tano asubuhi. Akikujibu kwamba ataandika kwa mkono, peleka nakala rudufu tu kwenye wingu, mauzo yabaki dukani.