Ulipoinama, Mbwa Hakukimbia

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, hasa pale uliposimulia kwamba uliinama njiani kufunga kamba za kiatu, mbwa usiyemjua akakusogelea na kukunusa mkono, nawe ukashtuka kwa kuwa huku nyumbani mtu akiinama tu mbele ya mbwa, mbwa hutimua mbio. Umeniuliza kama mbwa wa huko ugenini ni wa jamii nyingine, yenye tabia njema kuliko wetu. Sivyo, mwanangu.

Mbwa huanza kufundwa mapema sana. Wanasayansi wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walibaini kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa hujifunza ni nani wa kuzoeana naye na ni nani wa kumwogopa. Majaribio ya enzi hiyo yalionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokaa bila kukutana na binadamu hadi wiki ya 14 walibaki waoga, hata walipobembelezwa baadaye. Inaelekea mbwa uliyekutana naye alishikwa na mikono mingi akiwa bado mdogo, na hapana hata mmoja uliompiga.

Mbwa wetu naye amefunzwa, tena barabara. Amejifunza kwamba mtu anayeinama anaokota jiwe. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto niliyarusha mawe hayo, na leo najuta, kwa sababu mbwa hawezi kutofautisha mkono unaofunga kamba na mkono unaotafuta jiwe, ndiyo maana huona heri akimbie. Hata hivyo sitaki uwahukumu wazee wako kwa haraka. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili mgonjwa haponi ila kwa nadra mno. Mahali ambapo mbwa wengi hawajachanjwa, mzazi humfukuza mbwa mgeni kwa kumwogopea mtoto wake. Naamini kwamba panapokuwa na chanjo watu hupunguza mawe, na mawe yakipungua mbwa nao huacha kukimbia.

Usidhani pia kwamba mbwa wa mitaani hana akili ya kumwelewa mtu. Mwaka 2020 watafiti wa India wakiongozwa na Anindita Bhadra walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia mbwa wasiofugwa na mtu, kwa kuwaonyesha kwa kidole bakuli la kuliendea. Takriban nusu hawakusogea kabisa, lakini miongoni mwa waliosogea takriban asilimia 80 walifuata kidole, ingawa hakuna aliyewahi kuwafundisha. Habari hiyo ilinigusa sana, maana inaonyesha kwamba uelewa wanao, na kinachowazuia wengi wao ni hofu.

Kuhusu ukimya wa mbwa wa huko, uliousifu katika barua yako, kumbuka kwamba mbwa wetu ni mlinzi: akibweka usiku tunamshukuru. Huko akibweka jirani hulalamika, kwa hiyo hufundishwa kunyamaza. Wala ukimya wake si ushahidi kwamba ameridhika, kwani wapo wanaofungiwa ndani peke yao tangu asubuhi hadi jioni, wakalia na kuguguna milango, ilhali mbwa wetu mwenye njaa walau hutembea na wenzake apendavyo. Siwezi kusema ni yupi kati yao aliyepata maisha bora.

Utakapokutana tena na yule mbwa, mwombe mwenye mbwa ruhusa kwanza, kisha uchutame ubavu ubavu bila kumkazia macho, uache aje mwenyewe. Nami tangu nilipopata barua yako nimekuwa nikifanya hivyo kila jioni kwa mbwa wa jirani, mikono yangu ikiwa wazi aione. Siku za mwanzo alikimbilia nyuma ya nyumba. Jana alirudi nyuma hatua tatu, akasimama, akanitazama mpaka nilipoinuka.

Wako akupendaye,
Baba