Anatomia ya mkono: anza na mkono wako mwenyewe

Mwaka wa kwanza nilikariri misuli yote ya mkono, kutoka begani mpaka vidoleni: unapoanzia, unapoishia, neva yake. Siku ya mtihani wa mdomo mwalimu hakuniuliza hata jina moja. Aliegemeza kiwiko mezani, akaacha kiganja kining'inie, akasema, "Mgonjwa wangu hawezi kukinyanyua. Kaumia wapi?" Nikabaki namtazama. Majina yote ninayo, jibu sina.

Jibu ni neva ya radiali. Inazunguka nyuma ya mfupa wa humerasi ikiwa imeugusa kabisa, kwa hiyo mfupa ukivunjika pale katikati, neva nayo iko hatarini. Misuli ya kunyanyua kiganja ikikosa amri, kiganja kinaanguka. Tangu siku ile nikageuza usomaji wangu: kwanza najiuliza mkono unafanya nini, jina linafuata.

Pleksasi ya brakia, mtandao wa neva unaotoka shingoni kwenda mkononi, inawatisha wengi, na dawa yake ni kalamu. Kila asubuhi chora kwenye karatasi tupu bila kuchungulia: mizizi mitano, C5 hadi T1 (neva za uti wa mgongo, kuanzia ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua), vigogo vitatu, kila kimoja kigawanyike mbele na nyuma, kamba tatu, halafu neva tano za mwisho. Mwanzoni nilitumia nusu saa nzima. Wiki ya tatu nilikuwa namaliza kabla chai haijapoa.

Kisha jipime. Inua dole gumba juu: radiali. Unganisha ncha ya gumba na ya kidole cha shahada ziwe duara: mediani. Tanua vidole vyote: alna, ile ile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko kwenye fremu ya mlango. Neva ya aksila, ile ya kwapani, usiisahau, bega likiteguka ndiyo ya kuiangalia. Gusa ngozi ya nje ya bega umuulize mgonjwa kama anahisi sawasawa pande zote mbili.

Haya si ya mtihani tu. Wodini nilimkuta kijana wa bodaboda aliyevunjika mkono, tayari kafungwa hogo (plasta), na kiganja kimelegea. Anakinyanyua kwa mkono wa pili kama anabeba kitu cha mtu mwingine. Kwenye faili hakuna aliyeandika kama alikuwa anainua gumba kabla ya kufungwa. Hatukuweza kujua neva iliumia barabarani au mikononi mwetu. Tafadhali, pima na uandike, kabla ya hogo na baada yake. Haichukui hata dakika moja.

Upande wa fiziolojia, wengi wanajikwaa kwenye ATP, kemikali inayoipa misuli nishati. Mpangilio wenyewe wa misuli kujikunja wanaujua: neva inamwaga asetilkolini, kemikali inayobeba amri, umeme unaenea, kalsiamu inatoka ghalani mwake ndani ya misuli na kushika protini ya troponini, mwenzake tropomiosini inapisha njia, vichwa vya nyuzi za miosini vinadaka nyuzi za aktini na kuzivuta. Wanachosahau ni kwamba kichwa cha miosini hakiachii mpaka ATP mpya ije. Nenda buchani alfajiri, nyama ya ng'ombe aliyechinjwa muda si mrefu. Utaiona inachezacheza ikiwa imetundikwa, ATP bado imo. Ikiisha, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania, ndiyo maana maiti inakakamaa. Mimi niliielewa pale, mbele ya ndoano, baada ya kuisoma mara nne bila kuielewa.

Na ukiulizwa ni nyuzi zipi kati ya hizo zinazofupika misuli ikijikunja, jibu ni "hakuna hata moja". Zinateleza tu, moja juu ya nyingine. Hilo lilionyeshwa mwaka 1954. Kwenye darubini, bendi A (mstari wenye miosini) inabaki na urefu wake, bendi I (mstari wenye aktini bila miosini) ndiyo inayopungua.

Jioni tafuta mwenzako mmoja. Wewe chagua neva kimyakimya, weka mkono kana kwamba imekatika, yeye ataje neva, mahali ilipokatikia na misuli iliyozimika. Akipatia, mbadilishane.