Nusu lita kabla ya kuinuka

Dada, umeuliza kama kweli maji matupu yanapandisha presha, maana nesi kamwambia mama yako anywe kwanza ndipo ainuke kitandani, presha isishuke ghafla akaona giza. Nesi yuko sahihi. Na si kwamba maji "yanajaza damu", hayajawahi kuwa na mbio hizo. Maji hayana chumvi kama damu, kwa hiyo yakishapita tumboni kuelekea ini yanaizimua damu ya pale, neva zinashtuka na kuamuru mishipa ijikaze. Presha inaanza kupanda ndani ya dakika 5 hivi, kilele ni kama nusu saa, na baada ya saa moja na ushee inarudi. Kwa mtu ambaye neva za kurekebisha presha zimechoka, nusu lita inaweza kuongeza hata 30 kwenye namba ya juu. Vijana wazima hawaoni kitu, mwili unajisawazisha. Ukitia chumvi kwenye hayo maji, ile nguvu inapungua (ajabu, eh?).

Baba yangu hapa Kirumba, Mwanza, jagi lake liko chini ya neti. Anakunywa vikombe viwili, anakaa ukingoni miguu ikining'inia, redio ikimaliza habari ndiyo anashuka mwaloni kuangalia dagaa.

Ila mama kama anameza dawa za presha, daktari aambiwe hicho kizunguzungu, huenda dozi ndiyo kubwa. Na kama ana shida ya moyo au figo, asianze kabla ya kuuliza.