Shangazi, Juma akae kwanza

Shikamoo shangazi. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza yote, mpaka pale bibi alipoingilia na habari za dagaa. Unauliza kama ni kweli vijana wakifika Ulaya wanafundishwa ugaidi misikitini, na papo hapo unaniomba nimtafutie Juma njia ya kuja, eti kuna kijana wa Mwandiga kawaambia makaratasi ya Uswidi ni wiki mbili tu. Kawadanganya, tena mchana kweupe.

Mimi nasali hapa Stockholm kila Ijumaa. Hotuba ni subira, mirathi, na waumini wanaoegesha magari ovyo. Hayo unayoyaogopa yanapita kwenye simu, na yanampata zaidi yule aliyepokea barua ya kunyimwa hifadhi, yaani ruhusa ya kuishi hapa kama mkimbizi.

Rakhmat Akilov alitoka Uzbekistan, akaingia hapa 2014, mke na watoto wanne kawaacha kwao. Maisha yake yalikuwa haya haya yetu: vibarua vya ujenzi, hela inatumwa nyumbani. 2016 akanyimwa hifadhi, akaambiwa aondoke, akajificha. Huku anachati na wafuasi wa Dola ya Kiislamu, lile kundi la kigaidi la ISIS. Ijumaa, tarehe 7 Aprili 2017, akaiba lori la bia akawagonga nalo watu Drottninggatan, mtaa wa waenda kwa miguu. Walikufa 5, mmoja mtoto wa miaka 11 anatoka shule. Lori la bia, shangazi, na mwenyewe anasema anapigania dini! Alifungwa maisha. Na usiniambie ni shida tu. Wanaonyimwa ni wengi mno na hawamgusi mtu.

Niliwahi kukaa chumba kimoja na jamaa wa namna hiyo. Barua yake ilipokuja akaacha kula na sisi. Mara maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, Ujiji nzima bidaa, marehemu babu naye bidaa. Mara hataki chai ya mama jirani, Mkristo, aliyetuletea mablanketi. Usiku hedifoni masikioni, kuna mtu anamwita "ndugu yangu" kwa upole ambao kwao hakuusikia, maana kwao walimpigia siku za mshahara. Tulibishana naye aya kwa aya, wapi! Imamu akamtafutia mwanasheria, akawa anamwita kula kwake kila Jumapili. Ndipo akaanza kucheka tena.

Kwa hiyo Juma asije. Akija, aje na barua ya chuo au ya kazi mkononi, asije kubahatisha. Asiishi peke yake. Msimsumbue kwa simu kila siku. Lakini akinyamaza wiki, mpigieni mpaka apokee, hata kama ni kugombana. Hela msimwombe mwaka wa kwanza. Najua mtamwomba.

Ya mabati ya jiko nimetuma jana. Ikifika nipigie, na safari hii uniulize kwanza nimeamkaje.