Kumlea kwa muda mbwa mdogo katika nyumba yenye mbwa mkubwa

Mtu anapojitolea kumtunza kwa muda mbwa mdogo aliyeokolewa, huku kwake tayari kuna mbwa mkubwa, swali la kwanza analoulizwa ni kama mbwa wake ni mkali. Kwa maoni yangu swali hilo halitoshi, kwa sababu mbwa mkali humfanya mwenyewe awe macho wakati wote, ilhali mbwa mpole humfanya aende jikoni kuepua sufuria akiamini kwamba hakuna litakalotokea. Bosco wangu, mbwa wa Kijerumani, ana uzito wa zaidi ya kilo 30 na hajawahi kumng'ata mtu wala mnyama. Njugu, mtoto wa mbwa koko aliyeokotwa kando ya mtaro huku kwetu viungani mwa Nairobi, alikuwa hajafika hata kilo moja. Kwa wawili wanaopishana kiasi hicho, uadui si hatari pekee, kwani hata mchezo wa nia njema unaweza kuvunja mbavu.

Kabla ya kuwaza namna watakavyokutana, waza kuhusu maradhi. Mbwa wa mtaani asiyechanjwa anaweza kuwa na kirusi cha parvo, kinachowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, ukamwona mzima, kwa kuwa dalili huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 7 kujitokeza, na wakati mwingine hata 14. Kirusi hicho huweza kudumu kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Kinachofaa ni dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, baada ya kuondoa uchafu wote. Ndiyo maana mgeni anapaswa kukaa wiki 2 katika chumba chake mwenyewe, chenye sakafu ya simenti au vigae, akiwa na vyombo visivyochangiwa, na anayemhudumia awe na viatu visivyotoka humo. Mbwa mwenyeji naye awe amekamilisha chanjo zake, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030, na ambao karibu kila anayeupata huupata kwa kuumwa na mbwa. Ikiwa huna chumba cha kumtenga mgeni, ni heri umpeleke KSPCA, shirika la kutetea na kutunza wanyama, kule Karen kuliko kumwingiza moja kwa moja kwenye ua wa mwenzake.

Mtoto mdogo kiasi hiki ana udhaifu mwingine ambao waliozoea mbwa wakubwa hawautarajii. Akikaa muda mrefu bila kula, sukari mwilini hushuka, akalegea, akayumba na kutetemeka. Mpe chakula kidogo kidogo, angalau mara nne kwa siku, na uweke asali karibu. Ukimwona katika hali hiyo, mpake asali kwenye ufizi na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12, kwa kipimo kinachotegemea uzito, kwa hiyo mizani ya jikoni ni kifaa cha lazima. Dawa ya kupe ya mbwa mkubwa usimkatie kipande kwa kukisia. Nakusihi sana katika hili, kwa sababu dawa hizo huuzwa madukani bila maswali na watu huzigawanya kwa wembe.

Muda wa kutengwa haupotei bure. Kitambaa alicholalia mkubwa kipeleke kwa mdogo, na cha mdogo ukiweke karibu na malazi ya mkubwa mara tu daktari atakapokuhakikishia kwamba mdogo hana maradhi, ili wajuane kwa harufu kabla ya kuonana. Wakutane kwa mara ya kwanza mahali ambapo mwenyeji hapahesabu kuwa pake. Wengi hushauri kutumia bustani ya umma au barabara, lakini mtoto asiyekamilisha chanjo hapaswi kukanyaga huko. Mimi nilitumia uani kwa jirani asiyefuga mbwa. Wawepo watu wazima wawili, kila mmoja na mbwa wake, kamba zikiwa zimelegea, kwa sababu kamba iliyokazwa humweleza mbwa kwamba kuna jambo la kuogopa. Watembezwe upande kwa upande wakiachiana nafasi, kisha wanusane kwa sekunde chache tu na kutenganishwa wakiwa bado wametulia.

Hapo jicho lako liwe kwa mkubwa. Siku moja Bosco alimwekea Njugu mguu mgongoni kwa mchezo, na Njugu akapiga kelele nyembamba ya maumivu. Papo hapo mdomo wa Bosco uliokuwa wazi ukafumba, masikio yakasimama, mwili ukaganda, na macho yakamkazia yule mdogo kama anavyowakazia panya wa stoo. Nilikuwa nimeshika kamba, nikamwita kwa sauti ya kawaida na kumgeuza, akarudi katika hali yake. Mbwa huyohuyo mpole alikuwa ameitikia silika ya kuwinda inayoamshwa na kelele na mkurupuko wa kiumbe kidogo, na silika hiyo haina uhusiano na chuki wala malezi mabaya. Kwa sababu hiyo usimnyakue mdogo juu kwa kishindo, maana mkubwa ataruka kumfuata mikononi mwako. Jiweke katikati, kisha mtu wa pili amwondoe mkubwa.

Mkubwa akinguruma, usimkaripie. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyezoezwa kutoonya huishia kung'ata bila kutangulia kuonya. Tafuta sababu yake, ambayo mara nyingi ni bakuli, mfupa, malazi au wewe mwenyewe. Kila mmoja ale nyuma ya mlango wake, na mifupa isionekane kabisa wakiwa pamoja. Mdogo akimng'ang'ania mwenzake mkia na masikio, ni mdogo anayeondolewa, kwa kuwa mwenyeji hakuomba mgeni, na ana haki ya kulala bila kusumbuliwa. Mtengee mwenyeji wakati wa matembezi yake ya jioni pamoja nawe, yeye peke yake, jinsi alivyozoea.

Wakishapatana, usiwaache pamoja bila mtu, hata kama wanalala wamegusana. Ukitoka kwenda dukani au kuoga, mlango ufungwe kati yao. Kwa mbwa atakayekaa nawe kwa muda tu, sioni sababu ya kulegeza kanuni hiyo hata mara moja.

Na anapopatikana wa kumchukua moja kwa moja, mweleze haya yote, pamoja na saa za chakula na chanjo zilizobaki. Kama naye ana mbwa mkubwa, mtake aje naye wakutane kwa utaratibu uleule kabla ya kumkabidhi mtoto. Asiyekuwa tayari kwa hilo, usimpe.