Maswali ya wasomaji: Mshale wa joto unapopanda msimu wa jua kali

Ndugu mhariri, salaam. Nina Corolla NZE. Nikiwa barabara wazi, kasi ya 80, mshale wa joto unatulia chini kidogo ya katikati. Nikiingia foleni ya Mbagala saa nane mchana na kiyoyozi kimewaka, unaanza kupanda taratibu mpaka nazima kiyoyozi. Fundi anasema ni jua la Dar tu, nivumilie hadi Aprili. Ni kweli?
*Msomaji, Temeke*

Si kweli, na usivumilie. Corolla za aina hiyo hiyo zinatembea Muscat na Dubai kwenye nyuzi 45 bila kuchemka. Nyuzi 32 au 33 za Dar mwezi wa Februari haziwezi kuishinda injini nzima. Jua linafichua tu ubovu ambao ulikuwepo tangu Julai.

Maelezo yako yenyewe yanaonyesha pa kuanzia. Gari likiwa kasi ya 80, upepo wa mbele ndio unaopoza rejeta. Likisimama kwenye foleni, kazi yote inabaki kwa feni. Basi ubovu uko kwenye feni yenyewe au kwenye njia ya hewa inayovutwa na feni.

Anza na feni. Washa injini ikiwa ya baridi, kisha washa kiyoyozi: feni inatakiwa ianze ndani ya sekunde chache. Ikianza, chukua karatasi ya A4 uiweke mbele ya kondensa (rejeta ya kiyoyozi, iliyo mbele ya ile ya injini), upande wa grili. Feni nzima inaivuta karatasi na kuibana pale pale. Karatasi ikining'inia au ikianguka, mota imechoka: kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha na inazunguka kivivu, ingawa kwa macho utaona kama inafanya kazi. Karatasi ikisukumwa nje, kuna mtu alibadilisha mota na kugeuza nyaya, kwa hiyo feni inapuliza kinyume. Kosa hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mota za mtumba. Feni isipoanza kabisa, angalia fyuzi, kisha badilishana relei ya feni (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) na nyingine ya namba ileile iliyo kwenye kisanduku hicho hicho. Hapo utajua kama ni relei kabla ya kununua mota.

Feni ikiwa nzima, hamia kwenye uchafu. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na kati yao kuna upenyo mwembamba ambao hauonekani kwa mbele wala kwa nyuma. Humo ndimo vumbi, wadudu na majani hujikusanya mpaka wanakuwa kama mkeka. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua vishikizo viwili vya juu vya rejeta, ivute nyuma sentimita mbili au tatu, kisha umulike kwa tochi. Ukiona mkeka, paka maji yenye sabuni ya vyombo, subiri dakika kumi, halafu suuza kwa mpira wa bustani ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Usikubali mashine ya kuoshea magari isogezwe karibu. Presha yake inakunja mapezi ya rejeta, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Kuna sehemu moja zaidi, na hii inasahauliwa sana. Angalia kama kava la feni lipo lote, na kama sponji nyeusi zinazoziba pembeni na juu ya rejeta bado zipo. Gari likigongwa mbele, fundi wa bodi hurudisha taa na bampa, lakini sponji anazitupa. Bila hizo, gari likisimama, hewa ya moto iliyotoka kwenye injini inazunguka pembeni na kurudi mbele, na feni inaivuta tena. Rejeta inapozwa kwa hewa ya moto. Sponji ya godoro gumu iliyokatwa kwa kipimo na kubandikwa kwa gundi inafanya kazi hadi utakapopata za asili.

Kuhusu kuunganisha feni iwake moja kwa moja mara unapowasha gari: kama ni kukufikisha nyumbani leo, sawa, mradi waya upite kwenye fyuzi. Kwa kudumu, hapana. Kaboni zitaisha mapema, na ubovu wa kweli utabaki umefichika.

Hamjambo. Gari langu ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Foleni haina shida, tambarare haina shida. Kupanda mlima Kitonga nikiwa na mzigo, mshale unakimbilia nyekundu. Themostati ilitolewa miaka miwili iliyopita ili "maji yazunguke vizuri".
*Msomaji, Iringa*

Wewe ni kinyume cha ndugu wa Temeke. Linalochemka likisimama lina shida ya hewa. Linalochemka mlimani huwa na shida ya maji au ya ndani ya rejeta. Na wewe sababu moja umeshaitaja mwenyewe.

Themostati ya 1HZ ina sahani mbili. Maji yakipata moto, sahani ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta, na wakati huo huo ile ya chini inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Kwenye tambarare huoni tofauti. Mlimani, injini inapotoa joto lake lote, sehemu ya maji ya moto inarudi ndani bila kupozwa. Yaani kilichotolewa ili kusaidia ndicho kinachoumiza. Kwenye injini za petroli zenye kompyuta kuna hasara nyingine: asubuhi injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na kumwaga petroli zaidi.

Rudisha themostati, ya nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kabla ya kuifunga, itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uchemshe. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na 82, na maji yakifika 95 iwe wazi kwa milimita nane au zaidi. Isiyofanya hivyo irudishe dukani, hata kama ni mpya. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, maana ndipo hewa inapotokea.

Halafu rejeta. Kama unajazia maji ya kisima yenye chumvi, miaka miwili inatosha kujenga magadi, yaani ukoko mgumu, ndani ya mirija. Gari likiwa na moto, zima injini, hakikisha feni imesimama, kisha pitisha mkono karibu na uso wa rejeta kuanzia juu hadi chini. Joto linatakiwa kupungua taratibu na kwa usawa. Ukikuta eneo la baridi katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa matangi na mirija ikazibuliwa kwa fimbo nyembamba inayopitishwa ndani. Yenye matangi ya plastiki ni ya kubadilisha.

Mwambie mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika huku ukitazama hosi ya chini. Ikinywea kama mrija wa soda unaonyonywa, ama imelainika ama springi ya ndani haipo, na pampu inakosa maji wakati inapoyahitaji zaidi. Kisha klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa na bado ina moto, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka mizunguko mitatu na kuendelea bila kukaza, mafuta yake ya silikoni yamevuja na feni haishiki.

Kama hayo yote ni mazima, chunguza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku (mwili wa injini) na hedi (kichwa chake). Asubuhi, kabla ya kuwasha, minya hosi ya juu. Iliyolala usiku kucha haitakiwi kuwa na presha. Ikiwa ngumu, au ukifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, ukawasha na kuona mapovu yasiyokoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo usipande Kitonga tena kabla ya kufungua injini.

Wahariri, mimi niko Nairobi. Nabadilisha mfuniko wa rejeta kila fundi akisema, na sioni faida. Pia, kuna ubaya gani kutumia maji ya mfereji badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), kwa kuwa huku hakuna barafu?
*Msomaji, Kenya*

Kwa Nairobi mfuniko una uzito kuliko Mombasa, na sababu ni mwinuko. Kwa takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Feni za magari mengi ya petroli huanza kuzunguka kati ya nyuzi 93 na 100. Mfuniko ukiwa umekufa, maji yako yanachemka feni ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Mfuniko ulioandikwa 1.1 unashikilia presha ya kilopaskali 108 na kusogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119. Kwa hiyo usibadilishe ovyo: weka wenye namba ileile ya asili. Ulioandikwa 0.9 kwenye gari la 1.1 unapunguza kinga. Mkubwa kuliko wa asili unapasua rejeta iliyozeeka. Kagua mpira wake na kile kivalvu cha katikati. Kikikwama, hosi ya juu itakuwa bapa gari likipoa.

Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu pekee. Ina dawa ya kuzuia kutu kwenye alumini na kulinda sili ya pampu. Maji ya mfereji hayana, na yana madini yanayoganda palepale penye joto kali, kuzunguka silinda. Kwa injini inayobeba lita 5, mwaga yote ya zamani, suuza, kisha tia kwanza lita 2.5 za kulanti isiyochanganywa na umalizie kwa maji yasiyo na madini. Ukianza na maji hutafikia nusu kwa nusu, maana lita moja au zaidi ya maji ya kusuuzia hubaki ndani ya bloku. Maji ya kujazia betri yanafaa, lakini soma chupa: ile ya asidi inauzwa rafu hiyo hiyo. Na rangi isikudanganye. Maji yaliyotiwa rangi ya kijani yanauzwa kwa bei ya kulanti. Chupa isiyoandika kiasi cha glaikoli, kemikali kuu ya kulanti, iache.

Ukishajaza, inua gari mbele kidogo, fungua hita hadi mwisho wa joto, acha injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukiminyaminya hosi. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari jipya kabisa.

Vijana wa mtaani wananishauri niweke washa (pete za chuma za bolti) kwenye bawaba za boneti ili nyuma inyanyuke na joto litoke. Inasaidia?
*Msomaji, Tanga*

Likiwa limesimama, kidogo. Likitembea, hapana. Chini ya kioo cha mbele upepo unajikusanya na presha ni kubwa, ndiyo maana watengenezaji wameweka hapo tundu la kuingizia hewa kwenye kabini. Ukinyanyua boneti, upepo unaingia pale badala ya kutoka, na unazuia ule unaopita kwenye rejeta. Hewa ya injini imepangiwa kutokea chini. Kwa sababu hiyo hiyo, kava la plastiki la chini ya injini lisitupwe, linaiongoza hewa. Toa badala yake taa za ziada na vyuma vilivyofungwa mbele ya grili.

Nina Noah ya zamani, injini iko chini ya viti vya mbele. Kiti cha dereva kinawaka moto, na betri haimalizi mwaka na nusu. Maji hayapungui.
*Msomaji, Morogoro*

Hapa injini haichemki; ni joto linalokosa pa kwenda. Inua kiti, ukague mpira unaozunguka mfuniko wa injini. Ukiwa umekatika au umekauka, hewa ya moto inapanda moja kwa moja kabini. Kisha lala chini utazame bati la kukinga joto kwenye manifoldi na bomba la eksozi. Likianza kupiga kelele, mafundi wengi wanaling'oa. Bila hilo, joto linapiga sakafu, nyaya na hosi za mpira. Lirudishe na bolti zake zenye washa pana. Bati likioza, kata jipya, uache nafasi ya sentimita moja hivi kati yake na eksozi. Usilaze kitambaa wala sponji hapo.

Betri nayo inaonewa na joto. Kwa kadirio la kawaida, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Kama ilikuwa na koti lake la kukinga joto, lirudishe, na pima chaji ya oltaneta: injini ikiwa inaunguruma iwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikizidi hapo, inachemsha betri kwa ndani.

Likichemka njiani, nifanye nini kwanza?
*Wasomaji kadhaa*

Zima kiyoyozi, washa hita ya joto hadi mwisho na feni yake, fungua vioo. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukiendelea kupanda, egesha. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika na feni inazunguka, acha injini iungurume dakika mbili tatu. Kuizima ghafla kunasimamisha pampu na joto linakwama kwenye hedi. Kama kuna mvuke au maji yanavuja, zima mara moja.

Usiguse mfuniko kwa dakika 45 walau. Hata hapo, weka kitambaa kinene, geuza robo, acha presha itoke, ndipo uumalizie. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, na usiijaze ikiwa bado ina moto: hedi ya alumini inapinda au kupasuka, na gharama yake ni kubwa kuliko kungoja. Ikishapoa, jaza taratibu huku injini ikiunguruma. Kabla ya kuondoka, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na gari liondoke hapo kwa kuvutwa.